Pensheni, fidia na hisani: fedha za askari wa Keya na wajane wao

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna swali linalopita kutoka kwa mzee hadi kwa mjukuu bila kupata jibu: babu alipigana vita vya Mwingereza, je, hakuachiwa fedha zake huko Uingereza? Swali ni halali kabisa, lakini ndani yake yamesokotana mambo manne ambayo kila moja lina sheria yake, mlango wake na ukomo wake. Kuna pensheni, kuna kiinua mgongo, kuna fidia na kuna hisani. Anayebisha hodi kwenye mlango wa hisani akidai pensheni hurudi mikono mitupu, na anayeambiwa kwamba hana pensheni mara nyingi huondoka akiamini kwamba hakuna chochote, ilhali msaada ambao angestahili upo na haujawahi kuombwa. Nimeona ni muhimu kuyatenganisha mambo haya kwa kuwaangalia askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, pamoja na wajane wao, kwa kuwa muda uliobaki wa kuwasaidia ni mfupi mno.

Kikosi cha Keya kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vya Malawi, Kenya na Uganda za leo. Watu wa Tanganyika walianza kuingia kuelekea mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi yao wakiwa ni askari walewale waliokuwa wakimtumikia Mjerumani. Katika Vita vya Pili Afrika Mashariki ilitoa wanajeshi zaidi ya 300,000, wakiwemo wapiganaji, madereva, wapiga mizinga, matarishi na wajenzi wa barabara. Walipigana na Mwitaliano Somalia na Habeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi ikaufikia mto Chindwin. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na katika watu karibu 1,300 waliokufa sehemu kubwa walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Baada ya vita hivyo vijana wengine wa Keya walitumwa Malaya, na wengine wakatumika ndani ya Kenya yenyewe wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Tuanze na pensheni, kwa kuwa ndilo neno linalotajwa zaidi. Pensheni ya utumishi ni haki inayotokana na urefu wa kazi. Askari aliyeandikishwa mwaka 1940 na kuachishwa mwaka 1946 alikuwa ametumika miaka sita, na kwa kanuni za wakati ule miaka sita haikuzaa pensheni ya aina yoyote. Hili linawauma wengi wanaoona kwamba lilikuwa ni ubaguzi mtupu, na ubaguzi ulikuwepo kweli, kama nitakavyoonyesha, lakini katika jambo hili mahususi hata askari Mwingereza wa kawaida aliyeondoka jeshini kabla ya Aprili 1975 alitakiwa awe ametumika miaka 22 ndipo apate pensheni, na aliyeondoka kabla ya kuitimiza alitoka bila pensheni. Kwa hiyo familia inayodai pensheni ya babu aliyetumika miaka minne na kupigana Burma inadai kitu ambacho, kwa bahati mbaya, sheria haikuwahi kukiweka. Hali ni tofauti kwa aliyepoteza kiungo au aliyefia vitani, kwa sababu kulikuwa na malipo ya ulemavu na ya wajane wa waliouawa. Malipo hayo, hata hivyo, yalisimamiwa na serikali za makoloni, na baada ya uhuru dhamana ikaangukia serikali mpya, pamoja na majalada yasiyokamilika na anwani za vijiji ambavyo vingine vilikwisha kuhama.

Kiinua mgongo ni jambo jingine. Hayo yalikuwa malipo ya mara moja, yaliyohesabiwa kwa miezi ya utumishi, ambayo askari alipewa siku ya kuachishwa jeshi ili aanzie maisha. Hapa ubaguzi haukufichwa hata kidogo, kwani uliandikwa katika viwango vya malipo. Nyaraka zilizotangazwa hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari mweupe wa cheo cha chini aliweza kulipwa kwa kila mwezi wa vita takriban mara tatu ya alicholipwa mwenzake Mwafrika, hata pale ambapo wote wawili walikuwa wakazi wa koloni moja na walitumika bega kwa bega. Wabunge kadhaa wa Uingereza walitaka uchunguzi ufanywe na waliokuwa hai walipwe tofauti yao. Ninaamini walikuwa sahihi, kwa sababu deni hilo lilikuwa na hesabu inayojulikana, kiwango kinachojulikana na watu waliokuwa bado wanapumua. Ila msomaji aelewe kwamba hadi leo hakuna mfuko uliofunguliwa kwa ajili ya kulipa tofauti hiyo, na yeyote anayepita vijijini akisema anaandikisha watu kwa malipo ya kiinua mgongo cha Keya anasema jambo lisilokuwepo.

Deni la zamani zaidi ni la wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale ambao kambi zao ziliacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya waliokufa ikabaki bila kudaiwa kwa kuwa hakuna aliyejua ndugu zao walikuwa wapi. Kwa miaka mingi baada ya vita maofisa wa makoloni waliomba fedha hizo zirudishwe zitumike kwa manufaa ya wenyeji, na London ikakataa. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi deni linavyogeuka kuwa kumbukumbu tu: mlipaji anajua kiasi, mdai hajulikani jina, na kadiri miaka inavyopita kutojulikana huko kunakuwa sababu ya kutolipa.

Fidia ni malipo ya madhara, na hupatikana kwa hukumu ya mahakama au kwa maafikiano yanayotokana na kesi. Mfano ambao Wakenya wote wanaujua ni wa mwaka 2013, wakati serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, pamoja na kugharimia mnara wa ukumbusho uliosimamishwa Nairobi. Kwa kuwa malipo hayo yalitoka Uingereza na walioyapokea walikuwa wazee wa umri uleule, watu wengi waliyachanganya na msaada wa askari wa Keya, ingawa kihistoria pande hizo mbili zilikuwa zikiwindana msituni. Kesi nyingine kubwa zaidi, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa ni kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Anayemshauri mjane wa Keya asubiri fidia ya mahakama anamwelekeza kwenye njia ambayo kwa kweli imezibwa na kalenda.

Kabla ya kufika kwenye hisani yenyewe, kuna kisa cha Mwanza ambacho hurudiwa sana katika vitabu vya historia ya vita vile. Mwaka 1964, mwaka ambao alifariki jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza askari wa Mjerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai kati ya wale waliompigania Mjerumani miaka hamsini nyuma. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, lakini ni wachache tu waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa kama ushahidi. Basi mlipaji aliyetumwa kutoka Ujerumani akaamua kumpa kila mzee ufagio mkononi na kumpigia amri za kijeshi kwa Kijerumani, abebe silaha, aishushe, asimame wima. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Hata kama simulizi hiyo imepambwa kidogo kwa kurudiwarudiwa, inafundisha mambo mawili yanayohusu mada yetu moja kwa moja. Kwanza, malipo yale yaliamuliwa na bunge na kutoka hazina ya nchi, kwa hiyo hayakuwa hisani. Pili, kizuizi kikubwa cha kumfikia mkongwe wa vita huwa ni uthibitisho kwamba yeye ndiye, hata pale fedha zinapokuwa tayari mezani.

Sasa hisani. Mwaka 1921 mambo mawili yalitokea ambayo bado yanaugusa mfumo wa leo. Huko Uingereza kiliundwa chama cha askari wa zamani ambacho leo ni Royal British Legion, kikaanza kuchangisha fedha kila Novemba kwa kuuza maua mekundu ya kubandika kifuani. Mwaka huohuo huko Cape Town, kwa juhudi za jenerali Haig wa Uingereza na waziri mkuu Smuts wa Afrika Kusini, likaundwa shirikisho la vyama vya askari wa zamani wa himaya nzima. Shirikisho hilo ndilo linaloitwa sasa Royal Commonwealth Ex-Services League, kwa kifupi RCEL, na ndilo mlango mkuu wa hisani kwa mzee wa Keya na kwa mjane wake.

Ni muhimu kuelewa namna shirikisho hili linavyofanya kazi, kwa kuwa malalamiko mengi yanatokana na kulidhania kuwa ni ofisi ya pensheni. RCEL halina matawi yake wilayani. Linapokea michango na ruzuku kutoka kwa mashirika makubwa ya hisani ya kijeshi ya Uingereza, kisha linazipeleka fedha hizo kwa vyama vya askari wastaafu vya kila nchi mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Kwa Kenya chama hicho ni kile kilichojulikana kwa miaka mingi kama KAFOCA na sasa ni DEFOCA. Kwa Tanzania ni Tanzania Legion, ambacho msomaji wa Tanzania atakikumbuka kutokana na maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambapo wazee wake hushiriki kuweka silaha za jadi kwenye mnara. Chama cha nchi ndicho kinachomtafuta mhitaji, kumhoji, kuthibitisha utumishi wake na kutuma maombi. London inaamua kwa kusoma kile ilichoandikiwa, hivyo ubora wa msaada katika wilaya fulani hutegemea sana bidii ya mzee mmoja au wawili wa kujitolea wanaokaa katika ofisi ndogo ya chama, mara nyingi bila mshahara na bila nauli ya kufika kijiji cha mbali.

Utaratibu huo una asili yake katika jinsi hisani ya kijeshi inavyoendeshwa Uingereza kwenyewe. Kule mhitaji hatembelewi na mtoa fedha; hutembelewa na mfanyakazi wa kujitolea, kwa mfano wa shirika la SSAFA lililoanzishwa mwaka 1885, ambaye hukaa naye nyumbani kwake, huandika mapato na matumizi yake, huangalia paa, kitanda na jiko, kisha hutuma fomu moja kwa mashirika mbalimbali ambayo hugawana gharama. Chama cha kikosi chake hutoa sehemu, mfuko mkuu wa jeshi hutoa sehemu, na pengine mfuko wa fani yake hutoa iliyobaki. Mantiki yake ni kwamba anayelipwa ni mhitaji, kwa kiasi cha uhitaji wake. Hapo ndipo tofauti kubwa na pensheni inapojitokeza: pensheni humfuata tajiri na maskini sawasawa kwa kuwa wote waliifanyia kazi, lakini hisani humuuliza mtu kwanza kama ana njaa. Mzee mwenye mwana aliye na kazi nzuri mjini anaweza kukataliwa, na jirani yake aliyetumika naye kikosi kimoja akakubaliwa, na kukataliwa huko hakumaanishi kwamba utumishi wake umedharauliwa. Wazee wengi huliona jambo hili kama fedheha, na ninawaelewa, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu aliyebeba bunduki miaka mitano kuulizwa maswali kuhusu sufuria zake.

Sharti la pili ni la tarehe. Msaada wa RCEL ni kwa waliotumikia taji la Uingereza kabla nchi yao haijapata uhuru, na kwa wajane wao. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Ndugu wawili wa Kitui, mmoja aliyejiunga na Keya mwaka 1958 na mwingine aliyeingia Kenya Rifles mwaka 1965, wanasimama pande mbili za mstari huo, ingawa walivaa sare zinazofanana na huenda walipiga kwata uwanja uleule. Wa kwanza yumo, wa pili ni wa serikali yake. Kwa mantiki hiyohiyo wapiganaji wa Tanzania waliomtoa Idi Amin Kampala mwezi Aprili 1979 hawamo kabisa, wala mgambo waliotoka mashambani kwenda Kagera na kurudi mashambani bila utumishi mrefu wa kuwapatia pensheni. Nadhani hapa ndipo pengo kubwa zaidi la siku zijazo lilipo. Wakongwe wa Burma wana shirikisho la miaka mia moja nyuma yao, lakini mgambo wa Kagera, ambao sasa nao wamezeeka, wanategemea zaidi wana wao.

Tukirudi kwa mjane wa Keya, tumwazie mama mwenye umri wa miaka tisini na zaidi ambaye mumewe alifariki zamani. Amehifadhi kitambaa, na ndani yake mna nyota ya shaba yenye pembe sita, utepe wake ukiwa mwekundu katikati na wa buluu pembeni, na ndani ya kila buluu mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Hiyo ni Nyota ya Burma. Familia huamini kwamba nishani hiyo inatosha kuthibitisha kila kitu. Tatizo ni kwamba Uingereza ilipotoa nishani za Vita vya Pili kwa askari wake haikuzichonga majina. Nyuma ya nyota ile ni tupu, na inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata iliyonunuliwa sokoni. Nishani ya fedha ya mviringo ya Malaya, kwa upande mwingine, ukiigeuza na kuusoma ukingo wake mwembamba kwenye mwanga utakuta namba ya jeshi, cheo, jina na kikosi vimechongwa. Ukingo huo wenye herufi ndogo unaweza kuwa na thamani kuliko barua kumi za utambulisho, na nimependa kuwashauri watu wasiusugue kwa mchanga au dawa ya kung'arishia, kwa kuwa herufi hizo hufutika.

Kinachotafutwa hasa ni namba ya jeshi. Iko kwenye cheti cha kuachishwa kazi kama hakikuliwa na mchwa, iko nyuma ya picha za studio, iko kwenye bahasha za barua za zamani na wakati mwingine kwenye Biblia au msahafu aliouandika mwenyewe jalada la ndani. Ikikosekana, chama huweza kumhoji mwombaji kuhusu mambo ambayo aliyetumika tu ndiye angeyajua, kama vile jina la kambi ya mafunzo, namba ya batalioni na jina la afande wake. Mzee mwenyewe aliweza kuyajibu hayo, na aliyajibu kwa Kiswahili kilekile cha kambini walichopewa amri nacho. Mjane hawezi. Alichosikia ni hadithi za jioni, na majina ya miji ya Asia aliyasikia kwa matamshi ya mumewe. Ushahidi wa askari wenzake, ambao zamani ulikuwa njia ya kawaida ya kuziba pengo, sasa umekwisha karibu wote: aliyeingia jeshini na miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927.

Kisha lazima athibitishe ndoa. Wengi waliolewa kwa mila, kwa mahari ya ng'ombe na mashahidi ambao nao wamekufa, na cheti hakijawahi kuwepo. Barua ya chifu kwa Kenya, au ya ofisa mtendaji wa kijiji kwa Tanzania, pamoja na kiapo mbele ya wakili au hakimu, ndiyo njia inayotumika katika mambo mengi ya mirathi na inafaa kuanza nayo. Pale mume alipokuwa na wake wawili au watatu, hali huwa nzito zaidi. Sheria ya Urithi ya Kenya inatambua nyumba zaidi ya moja na hugawa mali kwa kuzingatia nyumba hizo, lakini hisani ya kigeni haifungwi na sheria hiyo, kwa kuwa haigawi mali ya marehemu. Ninachowasihi wana wa nyumba hizo ni kuwataja wajane wote waliohai katika maombi tangu mwanzo. Maombi yanayomficha mke mdogo au mke mkubwa, yakija kugunduliwa, huweza kuwafungia mlango wote.

Je, kinachopatikana ni kiasi gani? Anayetarajia utajiri atavunjika moyo. Kwa miaka mingi ruzuku za RCEL zilikuwa ndogo, zikilenga chakula, dawa na ukarabati wa nyumba baada ya mvua au moto. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa miaka mitano ili kuwafikia wakongwe na wajane wapatao 7,000 katika nchi zinazoendelea za Jumuiya ya Madola, na kipimo kilichotajwa waziwazi kilikuwa ni kumwezesha kila mmoja kupata milo miwili kwa siku. Ukigawanya fedha hizo kwa watu na kwa miaka, ni wastani wa takriban pauni 340 kwa mtu kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama za uendeshaji. Kwa bibi wa kijijini asiye na kipato chochote hiyo ilikuwa tofauti kati ya kula na kulala njaa, na sitaki kuidharau. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba kipimo kilichotumika ni cha njaa, wala si cha kazi iliyofanywa. Kadhalika ilikuwa ni fedha yenye ukomo wa mradi, ambayo waziri mwingine angeweza kuiongeza au kuiacha iishe, jambo lisilo rahisi kwa pensheni iliyowekwa na sheria.

Fedha zinapofika nyumbani bado kuna jambo la kuangaliwa. Bibi wa umri huo mara nyingi hana simu, au laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na alama za vidole vyake zimelainika kwa kazi ya jembe hata mashine ya benki haizisomi. Msaada unaopitia kwa mjukuu humfikia ukiwa mzima katika nyumba nyingi, na katika nyumba nyingine haumfikii. Ni vizuri familia ikubaliane mbele ya mwakilishi wa chama ni nani atapokea kwa niaba yake, na awepo mtu wa pili anayejua kiasi na tarehe. Aidha, hakuna sababu ya kumlipa mtu ada ya fomu au ya "kusukuma faili" ili mjane aombe hisani, na anayedai sehemu ya malipo ya kwanza kama shukrani yake anamwibia mjane. Mlango sahihi ni ofisi ya chama cha askari wastaafu, na kama haijulikani ilipo, kambi ya jeshi iliyo karibu au ofisi ya mkuu wa wilaya inaweza kuelekeza.

Mjane akifariki, msaada huu unakoma. Haurithiwi na watoto, hata kama mmoja wao ni mlemavu au ndiye aliyekuwa akimtunza, na ni wajibu wa familia kutoa taarifa ya kifo mapema. Kwa waliofia utumishini upo mlango mwingine ambao hautoi fedha lakini haujafungwa. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofariki katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni kwa ubaguzi uliochangia hali hiyo. Tume inapokea majina mapya kutoka kwa familia na watafiti. Inaangalia vifo vilivyotokea kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, ikiwemo vya walioachishwa jeshi na kufia nyumbani kwa majeraha au maradhi yaliyotokana na utumishi wao. Kinachohitajika ni jina kamili, namba ya jeshi, kikosi, tarehe au angalau mwaka wa kifo na mahali alipofia, pamoja na nakala ya ushahidi wowote uliopo.